Wengi Wape, Lakini Waombe Kwanza

Twawaomba tufikiri pamoja juu ya swali moja. Je, mtu anayekataa shamba lake litumike kwa manufaa ya wengi ni mchoyo?

Majirani zetu wa Kenya wamelikabili swali hili. Huko Kinangop, Kaunti ya Nyandarua, ilikusudiwa kujengwa mitambo ya kufua umeme kwa upepo, kiasi cha megawati 60. Wakulima wa viazi na kabichi waliipinga. Walihofia mashamba yao, fidia, na hata afya zao. Mwaka 2016 mradi ukaachwa.

Ni rahisi kuwalaumu. Umeme wa upepo ni jambo jema. Hauchomi makaa wala mafuta. Upepo wenyewe hauna mwenyewe. Lakini mitambo haisimami hewani. Husimama juu ya ardhi, na ardhi ina watu wake.

Wala sisi wa Nyakato tusijitenge na shauri hili. Taa zetu zawaka kwa umeme wa gridi ya taifa, unaofuliwa mahali ambapo wengi wetu hatujapata kukanyaga. Basi sisi tumo katika hao wengi wanaopewa.

Wahenga walisema, "Wengi wape." Tuitazame vizuri methali hii. Haikusema wengi na wachukue. Imesema wape, na kutoa kwahitaji mtoaji. Mtu asiyeombwa hana nafasi ya kutoa. Aweza kunyang'anywa tu, hata kama baadaye atalipwa.

Tena faida haifuti kosa. Karibu na Ziwa Turkana, Kaunti ya Marsabit, ilisimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, katika ardhi ya wafugaji ya ekari 150,000. Umeme wake ulianza kuingia katika gridi mwaka 2018. Hata hivyo, Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kuwa hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria. Taa zilikuwa zikiwaka, na haki ilikuwa bado yadaiwa.

Sisi tuliofundisha katika vyuo vya ualimu tulizoea kuwaonya walimu wanafunzi: darasa likinyamaza, usidhani limeelewa. Vivyo hivyo kijiji kikinyamaza, tusidhani kimekubali.

Lakini mwenye kuombwa naye ana wajibu. Asikatae kwa kufuata uvumi wa sokoni, wala kwa sababu jirani yake atapata zaidi. Aulize: Mitambo itakaa umbali gani na nyumba? Tutaendelea kulima na kuchunga chini yake? Fidia italipwa lini? Kuuliza si ujinga. Akijibiwa kweli, naye ajibu kwa haki, akiwakumbuka wale wasio na taa. Kama bado atakataa, atakuwa amekataa kama mtu mwenye sababu.

Hapa kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka mkutano mkuu wa kijiji upate nafasi ya kulizungumza jambo kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa. Basi tangazo likibandikwa, twende mkutanoni, wake kwa waume, tusiwaachie wachache. Na sisi tunaoungojea umeme mjini, kabla ya kumwita mwenzetu mchoyo, tuulize kwanza kama aliombwa.