Kosa la Daktari, Nani Alilipe?

Mwaka jana nilikuwa mkalimani wa mama mmoja wa zoni yetu. Mtoto wake alipewa dawa ya mtoto mwingine, majina yalifanana. Alilala siku tatu, kisha akaamka, Mungu mkubwa. Mama hakutaka nesi afukuzwe. Alitaka aambiwe tu: tumekosea. Nesi akanyamaza. Baadaye akanivuta pembeni: “Mdogo wangu, nikikubali, mkataba wangu umekwisha.”

Tangu siku ile najiuliza: kosa la mganga, nani alilipe?

Wengine wamelipigania swali hili kwa pesa nyingi. Kule Uingereza, madaktari wa hospitali za umma walibebwa na mfuko wa serikali, lakini daktari wa familia alijilipia kinga yake mwenyewe, ili akikosea mgonjwa apate fidia. Gharama ikawa inapanda tu. Mwaka 2017 serikali ilishusha kiwango cha kukokotoa fidia kutoka asilimia 2.5 hadi chini ya sifuri, yaani -0.75, na fidia za walioumia maisha yote zikakua sana. Kwa kuwa zamu za ziada zilimwongezea daktari malipo, wapo walioacha zamu za usiku. Sasa ona: anayekosa daktari usiku ni mgonjwa ambaye hakuhusika na kosa lolote. Tarehe 1 Aprili 2019, upande wa England, serikali ikaubeba mzigo huo.

Utaniuliza: akibebewa, si atazembea? Mimi pia niliwaza hivyo. Lakini baraza la madaktari lipo palepale, na linaweza kumfutia usajili. Kulipa ni jambo moja, kuwajibika ni jingine. New Zealand wamekwenda mbali zaidi: aliyeumizwa na matibabu hulipwa na mfuko wa taifa bila kwanza kutafuta mkosaji.

Huku kambini sijawahi kuona mama ameshika fidia. Ila hofu tunayo, tena ile ile. Nesi anaficha ili asipoteze kazi, na kesho majina mengine mawili yatafanana.

Ndugu zangu wa mashirika, hatuombi mamilioni. Mkiandika mikataba, wekeni kwamba anayekiri kosa mapema hafukuzwi kwa kukiri, na nauli ya rufaa na chakula cha mgonjwa visitoke mfukoni mwa mama. Gharama tuibebe wote. Ukweli aubebe aliyekosea.