Jinja Haionekani Kutoka Dirishani

Kila siku mabasi ya Nairobi na Kampala hupita juu ya daraja jipya la Mto Naili, lile la nyaya ndefu lililofunguliwa Oktoba 2018. Urefu wake ni mita 525. Abiria wanapata kama nusu dakika ya kuinua simu, kupiga picha ya maji yaliyo chini na kurudi kwenye usingizi wao. Wengine hushuka, na hao ndio ninaotaka kuzungumza nao. Wakishuka hudandia bodaboda na kupelekwa moja kwa moja hadi kwenye bustani za chanzo cha mto. Hulipa kiingilio, hupanda boti mpaka kwenye kibao kinachotangaza kwamba hapa ndipo unapoanzia mto mrefu kuliko yote duniani, hupiga picha na kibao, hula samaki, na jioni wako njiani kurudi Kampala, kilomita 80 hivi upande wa magharibi. Nyumbani watasema wameiona Jinja. Mimi nasema hawajaiona, na lawama si yao peke yao. Tumezoeshwa kuuhesabu mji kwa vivutio vyake, ilhali mji wa mtoni, tena mtulivu kama huu, unataka miguu na muda.

Tukiangalie hicho kivutio chenyewe. Msafiri John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862, akayapa maporomoko aliyoyakuta jina la Ripon, bwana mkubwa wa huko kwao Uingereza. Maporomoko hayo leo hayaonekani. Yalimezwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls, sasa likiitwa Nalubaale, kujengwa mbele kidogo kwenye mkondo na kuzinduliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Wageni wakahamia Bujagali, kilomita chache zaidi kufuata mto, ambako vijana walikuwa wakijitupa kwenye mawimbi wamekumbatia madumu ya plastiki, na ambako Wasoga, wenyeji wa eneo hili, walikuwa na mahali pao pa ibada tangu enzi za mababu. Nako kukazama mwishoni mwa 2011 ili kupisha bwawa la megawati 250. Mwaka 2019 likafuata bwawa la Isimba, likafunika sehemu nyingine ya maji yaendayo kasi. Sisemi haya kwa kuupinga umeme. Bila umeme wa 1954 Jinja isingekuwa mji wa viwanda, isingepata kiwanda chake kikubwa cha nguo wala tanuri la kuyeyushia shaba ya Kilembe, na taa nyingi za Uganda zimewaka kwa maji haya. Ninachosema ni kwamba kile kinachotangazwa kwenye mabango kiko chini ya maji, na kile kilicho juu ya maji hakitangazwi.

Kilicho juu ya maji ni mji wenyewe. Jinja ilipangwa kwa mistari iliyonyooka, barabara zake pana na zenye miti, na katikati yake pote panaweza kuzungukwa kwa miguu asubuhi moja. Ukishika Main Street utayakuta maduka ya zamani yaliyojengwa na Wahindi yamejipanga pande zote mbili: baraza mbele, nguzo nene zinazobeba ghorofa, na juu kabisa, kwenye paji la jengo, jina la familia au la duka pamoja na mwaka wa kujengwa, vimechongwa kwenye saruji. Mengi yalijengwa kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Hiyo ndiyo miaka ya pamba. Tangu 1912 reli ya Busoga ilikuwa ikitoka Jinja hadi Namasagali, meli za Ziwa Viktoria zikiiunganisha bandari ya Jinja na Kisumu, na reli nyingine ikiiunganisha Kisumu na Mombasa. Pamba ya mkulima wa Busoga ilitoka kwa njia hiyo, na sehemu ya fedha yake ikageuka saruji na nguzo hapa mjini. Kisha ukaja mwaka 1972. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka, wakaondoka, maduka yakagawiwa watu wengine, na viwanda vikaanza kulegea kimoja baada ya kingine. Miaka ya 1990 baadhi ya wenyewe walirudi na kurudishiwa mali zao, wengine hawakurudi tena. Majina yamebaki pale juu. Chini yake, barazani, fundi anakanyaga cherehani, binti anauza vocha na kutoa huduma ya pesa kwa simu, saluni imefungua milango miwili. Jina la juu na biashara ya chini havijuani. Anayetaka kuielewa Uganda ya karne ya 20 anaipata hapa katika mwendo wa dakika chache, lakini sharti avuke barabara, asimame upande wa pili, ainue kichwa na kusoma. Juu ya pikipiki jicho huona mgongo wa dereva.

Simaanishi kwamba bodaboda haina kazi. Kila chombo kina umbali wake. Kutoka Kampala utapanda matatu, ambayo Waganda huiita teksi, itasubiri ijae, itahangaika na foleni ya Mukono, kisha itapita miwa ya Lugazi na msitu wa Mabira kabla ya kuuona mto. Ukishuka Jinja, bodaboda itumie kwa safari ya Bujagali au vijiji vya mbali. Mpatane bei kabla hujapanda, na uombe kofia ngumu. Baiskeli ya kukodi inafaa njia za udongo zinazofuata mto, kwani milima ya kukukatisha tamaa ni michache. Boti nayo ina thamani kubwa kuliko picha ya kibao, ikiwa tu utamwomba nahodha azime injini kwa muda. Hapo ndipo utamwona mnandi akikausha mbawa zake juu ya jiwe na mdiria akining'inia hewani kabla ya kujitupa majini, na utahisi mkondo ukiivuta boti polepole kuelekea kaskazini, safari ambayo maji huimaliza baharini Misri baada ya miezi kama mitatu. Katikati ya mji, acha miguu ifanye kazi. Jinja iko karibu na ikweta, ila iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi hewa ni ya kutembea, na baada ya saa kumi jioni vivuli vya miti vinarudi barabarani.

Njaa ikikushika, usikimbilie hoteli. Simama kwa mwuza rolex mtaani na utazame mikono yake. Huvunja mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki, hukatia humo humo kitunguu, nyanya na kabichi, hupiga kwa uma mpaka povu, humwaga kwenye chuma cha moto, na kabla yai halijaiva hulifunika kwa chapati ili vishikane. Hugeuza, hukunja kama mkeka, hufunga kwa karatasi. Dakika tano hizo za kusubiri ni dakika tano za kusikia Kisoga, Kiganda, Kiswahili cha madereva wa malori yatokayo Mombasa na Kiingereza, vyote kwenye benchi moja. Watu wa Busoga husema chakula hiki kilizaliwa kwao, na sioni sababu ya kuwabishia.

Najua jibu ambalo wengi wetu tunalo tayari: kutembea kwa miguu ni dhiki. Mtu amejinyima mwaka mzima, amepata likizo, halafu unamwambia apigwe jua kwa hiari? Hoja hii ina ukweli wake, kwa sababu Afrika Mashariki wengi hutembea kwa kukosa nauli, na si haki kwa mwenye nafasi kuwahubiria uzuri wa kutembea wale wanaoamka alfajiri kufuata kibarua kwa miguu. Lakini ninaozungumza nao hapa ni wenye nauli, wanaosafiri kwa kutaka kuona. Kwa hao, fahari ya gari huondoka na kitu. Watu wa mwambao wanalijua hili bila kuambiwa. Jioni za Forodhani, Unguja, watu wenye magari yao huyaacha pembeni wakapunga upepo kwa miguu, na hakuna anayewahesabu kuwa mafukara. Mto una upepo wake vilevile, na una watu wake wanaopenda kuamkiwa. Mgeni anayepita taratibu na kusema habari za asubuhi hujibiwa, akaulizwa anatoka wapi, akaelekezwa njia. Aliye kwenye gari lenye vioo vya giza hana wa kumwamkia.

Ipo hoja nzito kuliko hiyo, nayo ni ya riziki. Kijana wa bodaboda analisha familia kwa kumpeleka mgeni bustanini, na kampuni za kuteremka mtoni kwa maboti ya mpira huleta fedha za kigeni na zimeajiri waongozaji wengi wa papa hapa Busoga. Je, mtembea kwa miguu analeta nini? Sizidharau kazi hizo hata kidogo. Mtoto wa kijiji cha kando ya Naili anayeyasoma mawimbi na kuwavusha salama watu wanane wenye hofu ni bingwa wa kazi yake. Ila tazama fedha ya mgeni wa saa nne inavyokwenda: kiingilio, boti, chakula, nauli, basi. Aliyelala usiku mmoja na kutembea siku mbili amelipa chumba, amenunua ndizi kwa mama wa sokoni, amekula mara nne au tano kwa watu tofauti, amemwachia fundi barazani suruali ya kupindwa, na bado bodaboda amempa safari ya Bujagali. Kumwalika mgeni apunguze haraka ni kumwongezea kijana yule riziki.

Wengine watasema: lakini watu wanakuja kwa sababu ya chanzo cha Naili, ukiondoa hicho Jinja itabaki na nini? Swali hili hunipa shida zaidi kuliko mengine, kwa kuwa sifa ya mji ni mali yake. Ila sifa hiyo yenyewe inagombaniwa. Burundi ina piramidi ndogo huko Rutovu, kwenye chemchemi iliyotambuliwa mwaka 1937 na Mjerumani Burkhart Waldecker kuwa ndiyo ya kusini kabisa. Rwanda nayo inakuonyesha mito inayoanzia katika msitu wa Nyungwe. Maji ya nchi zote mbili huingia ziwani kwa mto Kagera, hivyo madai yao yana mantiki. Anayesafiri kwa ajili ya kibao anaweza kuambiwa kesho kwamba kibao cha kweli kiko kwingine. Na hata Speke tunamkumbuka nusu. Yeye mwenyewe aliandika kwamba aliwakuta wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamesimama juu ya miamba na ndoana zao, samaki wakiruka maporomoko kwa maelfu. Msafara wake ulitoka Zanzibar mwaka 1860 na kusukumwa mbele na wapagazi, wakalimani na viongozi, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa India, akarudi Afrika akiwa huru. Wenye mto walikuwa hapo wakivua, na waliomfikisha mgeni hapo walikuwa watu wa upande wetu huu. Hayo hayatoshi kwenye kibao, lakini ukienda kwenye mwalo wa Masese asubuhi na kuwatazama wavuvi wakishusha dagaa na sangara, unaiona kazi ileile aliyoikuta Speke, ikiendelea bila kuhitaji tarehe wala jina la bwana mkubwa.

Baadhi ya Wahindu huja mtoni kwa sababu nyingine kabisa: sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa hapa mwaka 1948, na ipo sanamu yake karibu na maji. Hao hukaa kimya kwa muda kabla ya kuondoka. Ningependa wageni wengine wangeiga hilo, hata kama hawana ibada ya kufanya.

Jinja ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, na neno jiji linaleta hamu ya ghorofa za vioo. Majengo ya zamani yameanza kupungua. Mengine yamebomolewa, mengine yamepigwa plasta juu ya maandishi na kufunikwa na mabango ya matangazo. Maporomoko mawili makubwa yalipotea kwa sababu taifa lilihitaji umeme, na hoja hiyo ilikuwa na uzito wake. Kubomoa nguzo za Main Street hakuna hoja ya namna hiyo. Wakuu wa jiji waandike orodha ya majengo hayo, wayalinde kwa amri, waondoe mabango yanayoziba majina na miaka, watengeneze njia za waenda kwa miguu kutoka Main Street hadi mtoni na kupanda miti pale ilipokatwa. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bwawa au daraja, na haina sababu ya kungoja bajeti ya mwakani.