Mali na Daftari Lake

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wafanyabiashara juu ya hesabu ya fedha. Mimi nataka kuipima kwa mali ya namna nyingine: motokaa za spoti, vyama vya wenye kuzimiliki, na majarida ya vyama hivyo. Swali langu ni hili: mwenye kitu ni nani? Ni yule aliyekinunua, ama ni yule anayekijua na kukitunza?

Yuko atakayesema kuwa swali hili halina maana. Motokaa ya spoti aghalabu ina viti viwili. Haichukui mzigo wala jamaa. Ni pambo la wenye nafasi, na chama chao ni kioo cha kujitazamia. Lawama hii haikosi haki. Porsche Club of America ilianzishwa mwaka 1955, na sharti lake la msingi ni kumiliki motokaa ya Porsche. Hapo mali ndiyo mlango. Lakini Uingereza, mwaka 1934, ilianzishwa Vintage Sports-Car Club kwa ajili ya wapenzi wa motokaa kuukuu wasiokuwa matajiri sana, na mtu huweza kuingia asiwe na motokaa yoyote. Hapo mapenzi ndiyo mlango.

Basi na tutazame majarida. Ettore Bugatti alizaliwa Milan, akaunda motokaa zake Molsheim, katika Alsace. Lakini chama cha Bugatti Owners' Club kilizaliwa Uingereza mwaka 1929, na jarida lake huitwa Bugantics. Bugatti alifariki mwaka 1947, na kiwanda chake kikadhoofika. MG nayo ilipata chama chake, MG Car Club, mwaka 1930. Kiwanda chake cha Abingdon kilifungwa mwaka 1980. Kiwanda kikifungwa na mafundi wakitawanyika, nani atamjibu mtu ambaye motokaa yake imeharibika? Atajibiwa na mwenzake asiyemjua, aliyejifunza kwa kuumiza vidole vyake, kisha akaandika katika kurasa za chama namna ya kurekebisha kabureta au mahali pa kupata kipuri. Ndani ya MG Car Club limo kundi liitwalo Triple-M Register, linalohifadhi habari za motokaa za kale za Midget, Magna na Magnette. Hilo ni daftari kwa jina na kwa kazi.

Katika daftari la namna hiyo majina ya wenyewe hubadilika, lakini namba ya fremu hubaki ile ile. Anayejiita mwenye mali hujikuta mpita njia tu, aliyepokea amana kwa mmoja na atakayeikabidhi kwa mwingine. Tena motokaa na maarifa yake si mali za aina moja. Watu wawili hawawezi kushika usukani mmoja kwa wakati mmoja. Bali ukurasa mmoja huweza kusomwa na watu elfu, wala usipungue.

Hata hivyo, iko shida ambayo haifai kufichwa. Daftari linalookoa kitu huongeza pia bei yake. Motokaa yenye historia iliyothibitishwa huuzwa ghali kuliko isiyokuwa nayo, na hivyo uangalifu wa watu wa kipato kidogo huweza kuwa faida ya tajiri atakayeifungia motokaa ndani ya banda. Je, waache kuandika? La. Wakiacha, bei haitakuwa mwenzi wa maarifa, bali itabaki peke yake.

Kwa hiyo naona kuwa chama hakipimwi kwa uzuri wa motokaa zilizopangwa uwanjani, bali kwa jarida lake. Akilisoma mtu asiyekuwa na motokaa, naye akapata ujuzi ambao hakuwa nao, chama hicho kina mali ya kweli. Akiona sifa na vikombe tu, basi lawama ya kioo imesimama.