Kuwaaga Watu Ambao Hawakuwahi Kuwepo



Ndugu zangu, yako maswali tunayoyaona madogo mno kuulizwa kwenye darsa, ilhali yanawagusa wengi wetu. Mojawapo ni hili: tamthilia uliyoifuata msimu baada ya msimu inapofika mwisho, moyo ukaingia simanzi kana kwamba umewasindikiza watu wa nyumbani, je, simanzi hiyo ina maana? Unamlilia nani, na hakuna aliyekufa wala aliyesafiri?

Tuchukue mfano mmoja. SKAM, neno la Kinorwei lenye maana ya aibu, ni tamthilia ya wanafunzi wa sekondari mjini Oslo. Ilianza mwaka 2015 katika shirika la utangazaji la Norwei, NRK. Mtunzi wake, Julie Andem, aliiandika baada ya utafiti uliohusisha kuwahoji vijana wa nchi hiyo. Kilichoitofautisha na nyingine ni muda. Tukio la Jumanne asubuhi liliwekwa mtandaoni Jumanne hiyo hiyo asubuhi, na mwisho wa wiki vipande vyote vikaunganishwa kuwa kipindi kimoja. Wahusika walikuwa hata na kurasa zao za Instagram. Basi mtazamaji aliishi nao wiki nzima. Mashabiki wakajitolea kutafsiri, ikavuka mipaka. Tarehe 24 Juni 2017, baada ya misimu minne, ikakoma.

Msimu huo wa nne ulimhusu Sana Bakkoush (hilo ni jina lake, si "sana" yetu ya kila siku), binti Mwislamu mwenye hijabu, aliyeigizwa na Iman Meskini, naye Mwislamu. Tulizoea kumwona Mwislamu kwenye skrini akiwa gaidi au mtu wa kuhurumiwa. Huyu alikuwa na ulimi mkali, alisali, alipenda, alikosea, alilipiza kisasi mtandaoni kisha akajuta. Sisemi kila kilichomo kinafaa. Mna ulevi na mahusiano ambayo dini yetu imeyakataza, na utamu wa hadithi hauhalalishi kitu. Lakini nafahamu kwa nini vijana wengi wa Kiislamu waliona taabu kuagana naye.

Wapo watakaojibu swali letu kwa neno moja: upuuzi. Jibu hilo lina haraka. Qur'ani yenyewe imetufunza kwa visa, na moyo unaolainika kwa kisa haujafanya kosa. Wengine watasema hisia ni hisia, basi usiulizwe. Hilo nalo halitoshi, kwa kuwa tutaulizwa umri wetu tuliumaliza katika nini, na saa za kutazama ni sehemu ya umri.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anaweza kutusaidia. Katika Ihya ameweka kitabu kizima juu ya udugu na usuhuba, na humo amehesabu haki nane za ndugu yako: katika mali yako, katika kumsaidia kwa nafsi yako, katika ulimi, kwa kunyamazia aibu zake, katika ulimi tena, kwa kumsemea mema, kumsamehe, kumwombea dua akiwa hai na akiwa maiti, kuwa mwaminifu kwake, na kutomkalifisha.

Sasa mpime mhusika wa tamthilia kwa mizani hiyo. Hakuombi nauli. Haugui malaria usiku ukalazimika kumpeleka zahanati. Kosa lake halikukuumiza wewe, basi kumsamehe hakukugharimu kitu. Zaidi ya yote, huwezi kumwombea dua. Hapa ndipo panapotenganisha kuaga kwa tamthilia na kuaga kwa mauti. Rafiki yako akifa, bado una la kumfanyia: utamwombea, utamtolea sadaka, utalipa deni lake. Mhusika akiondoka, mikono yako inabaki mitupu, kwa sababu hakuna aliyekuwa upande wa pili. Ulipenda, lakini ulipenda mapenzi yasiyodaiwa haki hata moja.

Je, basi mapenzi hayo ni bure? Sidhani. Yamekuonyesha kwamba moyo wako unaweza. Tazama ulivyomvumilia yule binti. Alipojibu kwa ukali, hukumwita mwenye kiburi, kwa sababu ulikuwa umeonyeshwa aliyoyapitia kabla ya hapo: kicheko cha nyuma ya mgongo, upweke wa kusali chumbani huku wenzake wakistarehe. Mtunzi alikufungulia mlango wa ndani, ukaona sababu. Lakini dada anayekaa safu ya nyuma kwenye ukumbi wa mihadhara, anayejibu salamu kwa mkato, hakuna mtunzi wa kukufungulia mlango wake. Huyo tunamhukumu kwa sentensi moja, kisha tunaipeleka sentensi hiyo kwenye kundi la WhatsApp.

Dini inatuamuru kumdhania mwenzetu mema pale pale ambapo sababu zake hatuzioni. Ukiwa umeonyeshwa kila kitu, uvumilivu hauna uzito. Uzito wake uko pale unapomwachia mtu nafasi ya kuwa na sababu usiyoijua. Kwa hiyo simanzi ya kuaga tamthilia naiona kama kipimo. Ikiisha kwa kutafuta tamthilia nyingine usiku huo huo, ilikuwa burudani tu, na saa zake zitahesabiwa. Ikikutoa chumbani ukaenda kumjulia hali mtu ambaye humwelewi, kisa kimekufaa.

Kipindi cha mwisho cha SKAM kiliwakusanya marafiki kusherehekea Idi, Waislamu na wasio Waislamu pamoja. Kilimalizikia mahali ambapo maisha yetu sisi huanzia: mlangoni mwa mtu, penye chakula na viatu vingi kizingitini. Hapa chuoni wapo wenzetu ambao Idi iliyopita waliila peke yao bwenini kwa kukosa nauli ya kwenda kwao. Hao wana haki zote nane, na dua yako inawafikia.

Wabillahi tawfiq.