Moshi Umekata, Dhamira Je?

Hilux ya marehemu baba ina injini ya 2L, dizeli ya silinda 4. Ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa buluu. Hela ya kuchonga silinda na kununua pistoni kubwa zaidi sikuwa nayo. Fundi akasema, "Bosi, tuweke ringi mpya tu. Moshi utakata, unauza."

Kweli ukakata. Lakini silinda iliyolika haiponi kwa ringi. Moshi ungemrudia mnunuzi. Je, kunyamaza ni uongo? Hakuniuliza, sawa. Ila bei aliyotaja ilisimama juu ya ukimya wangu. Ukata unanitetea kwenye ringi. Kwenye ukimya haunitetei.

Nikamwambia. Akapunguza laki nane, akachukua gari. Hela hiyo bado inaniuma.