Jembe la Mgeni

Wahenga wamenena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutajwa kama onyo kwa mgeni mvivu. Lakini ikisikilizwa vyema, haisemi na mgeni hata kidogo. Neno lake zito ni "mpe", na neno hilo linamwelekea mwenyeji. Mwenyeji ndiye mwenye shamba, ndiye mwenye jembe, na ndiye anayejua kuwa siku ya tatu imewadia.

Mwaka 1962 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliitumia methali hiyo katika maandishi yake juu ya Ujamaa. Alitaka kuonyesha kwamba katika jamii ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi, na kwamba ukarimu, hata ungekuwa mkubwa vipi, haukuwa ruhusa ya kula jasho la mwingine. Bila ya shaka hakuwa akiwafikiria wasanii. Hata hivyo, kipimo chake kinalifaa jambo moja lililoenea katika sanaa za zama hizi.

Jambo lenyewe ni ukaazi wa wasanii ugenini. Msanii hualikwa katika nchi isiyo yake, akapewa chumba, posho na muda wa wiki au miezi kadhaa, kisha akatakiwa atunge maonyesho pamoja na wenyeji. Maonyesho hayo hayawekwi jukwaani. Hutungwa kwa ajili ya mahali pamoja tu, pengine ufukwe, soko au uwanja wa ngoma, na yakihamishwa hufa. Uzuri wake ni huo, na swali lake la kimaadili linaanzia hapo hapo. Ikiwa mahali ni pa wenyeji, sauti ni zao na miili ni yao, kazi ni ya nani mgeni anapofunga virago?

Na achukuliwe mfano wa msanii aliyefikia Musoma. Usiku wa kwanza usio na mbalamwezi ataona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya ziwa kama nyota zilizoteremka, na moyo wake utamwambia kwamba maonyesho yameshapatikana: taa zile, maji yale, na wimbo wa makasia. Asichokiona ni kwamba giza lile ndilo soko la mvuvi. Dagaa hufuata taa pale mwezi unapokosekana, na mvuvi anayeigeuza taa yake kuwa pambo kwa usiku mmoja amepoteza mavuno ya usiku huo. Akisonga hadi Bunda, atavutiwa na tembo wanaotoka upande wa Serengeti, naye atamkuta mkulima ambaye tembo huyo huyo kwake ni mkesha wa hofu kando ya mahindi. Kitu ni kimoja, lakini anayepita hukiona sura na anayebaki hukilipia gharama.

Hapa ndipo methali inapopinduliwa. Mgeni wa namna hii huja na jembe lake mwenyewe: tarehe ya maonyesho, kamera, bajeti, na pengine jina la kazi limeshachapwa kabla hajaonja maji ya mahali. Kisha humkabidhi mwenyeji jembe hilo na kumwambia: lima. Mwenyeji hulima, kwa adabu na kwa posho ndogo, katika shamba lake mwenyewe ambalo kwa wiki hizo limekuwa la mwingine. Jambo hili huitwa ushirikiano. Lakini ushirikiano usioweza kukataliwa ni kibarua.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni haki ya kukataa. Butiama yenyewe yafundisha hilo. Mgeni hupokewa Mwitongo, penye maskani na kaburi la Mwalimu, na tangu mwaka 1999 yapo makumbusho yenye jina lake. Lakini upo pia msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu kama makao ya mzimu wao. Msanii anayetafuta mahali penye nguvu atautamani msitu huo kuliko makumbusho. Jibu la "hapana" litakalomkabili pale lisihesabiwe kuwa kizingiti cha sanaa. Ndilo neno la kwanza la kweli ambalo mahali pale limemwambia. Na msanii aliyekwenda kutunga pamoja na mahali, kisha akakasirika mahali palipozungumza, alikwenda kutunga peke yake.

Iko mifano ya njia iliyo bora. Mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao, walikwenda kijiji cha Malya, huko huko kanda ya ziwa. Hawakwenda na mchezo mkononi. Wanakijiji walitaja wenyewe matatizo yao, maonyesho yakatungwa kwa ngoma za hapo, na baada ya ngoma ukafuata mjadala. Kabla yao, mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi na wakaisahihisha lugha ya mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Profesa alikuwa kwao, na hata hivyo alikubali kupewa jembe.

Kinyume chake kilionekana Mwanza. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, ilichukua sura za watu wa ziwani na biashara ya sangara, ikazipeleka katika kumbi za ulimwengu na kusifiwa mno. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, na mjini Mwanza wakaandamana watu. Si lazima kuamua hapa kama filamu ilisema kweli au la. Lenye uzito ni kwamba walioonyeshwa waliipata kazi hiyo ikiwa imeshakwisha, wakabaki na njia moja tu ya kushiriki, nayo ni kulalamika.

Litaulizwa swali, nalo ni la haki: je, mwenyeji akiwa dhalimu? Katika baadhi ya maeneo ya Mara ukeketaji ungalipo, ijapokuwa sheria ya mwaka 1998 iliukataza kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Msanii akitaka kutunga onyesho na wasichana walioukimbia, wapo wazee watakaosema hapana. Je, hapana hiyo nayo ni sauti ya mahali? Kamĩrĩĩthũ ilijibu sehemu ya swali hili kwa uchungu. Wanakijiji walisema ndiyo, dola ikasema hapana. Mchezo ukapigwa marufuku, Ngũgĩ akawekwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Basi mwenyeji si yule mwenye sauti kubwa. Mwenyeji, katika kazi kama hiyo, ni yule atakayebaki na gharama yake. Mzee hana haki ya kumfunga msichana mdomo; lakini na mgeni hana haki ya kumfungua. Mgeni ana tiketi ya kurudi kwao. Msichana anarudi kijijini, na uso wake umeshaonekana. Kukataa kwake, au kukubali kwake bila ya kutajwa jina, kuna uzito kuliko ujasiri wote wa anayeondoka.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba maneno haya yanawahusu watu wa mbali tu. Kiswahili chenyewe ni mgeni Mara. Nyumbani pale ni pa Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kikwaya na Kiikizu, na mshairi wa Unguja au Lamu akifika Musoma kutunga na wenyeji huja na lugha yake kama vile mwingine alivyokuja na kamera. Lakini mtoto wa Butiama alionyesha namna ya kuupokea ugeni. Alipoufasiri mchezo wa Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, alimwita bepari, na Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969, ikawa kazi yenye hukumu ya nchi hii ndani yake. Mgeni alipewa jembe. Na alipotoa tenzi zake za Enjili mwaka 1996, Mzanaki huyo aliliazima umbo la pwani akalirudisha limebeba mzigo mpya, pwani isipungukiwe kitu.

Methali inaishia siku ya tatu, nayo haikutaja siku ya kuondoka. Lakini mkulima hahitaji kuambiwa. Mgeni akiaga, jembe hurudi kwa mwenyewe, na mavuno hubaki shambani yakingoja msimu wake. Kama baada ya safari wavuvi wa Musoma wanaweza kuiimba kazi ile tena bila yake, na kuibadilisha wapendavyo, mgeni yule alilima.