Bado Inawaka



Katika kanisa moja dogo la huku Kwanza, Jumanne ni siku ya kazi za ofisi. Katibu huandika majina ya watakaobatizwa, hujumlisha sadaka ya Jumapili na kuchapisha tangazo la harambee. Kompyuta yake ni ya mezani. Ilinunuliwa Kitale ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, na imewatumikia waumini vizuri. Siku hizi kila akiiwasha inamletea ujumbe uleule: Windows 10 haihudumiwi tena. Naye huahirisha, maana kuna kazi ya kumaliza kabla stima haijapotea.

Jambo hilo lilipofika kwenye kamati, mzee mmoja aliuliza, "Kwani imeharibika? Si bado inawaka?" Kijana wa kwaya akasema wenzetu wako kwenye Windows 11, sisi tunangoja nini? Mama mweka hazina akawauliza wote wawili pesa zitatoka wapi, na paa la Shule ya Jumapili bado linavuja.

Sioni hata mmoja wa kulaumiwa hapo. Katika Injili ya Luka, sura ya 5, Bwana Yesu anapofundisha juu ya divai mpya na viriba, anamalizia kwa kukiri kwamba aliyezoea divai ya zamani haitamani mpya papo hapo. Hamkemei. Na katika sura ya 14 anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa kwanza aketi ahesabu gharama. Kuketi na kuhesabu si upungufu wa imani.

Basi tuhesabu. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni marekebisho ya kila mwezi yaliyokuwa yakiziba matundu wanayoyatafuta wezi wa mtandaoni. Kompyuta za nyumbani zinaweza kuandikishwa zipate marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini huko ni kuongezewa muda tu. Windows 11 nayo inadai memori ya GB 4 au zaidi, na chipu maalumu ya usalama, hivyo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017 haizikubali. Iko pia Ubuntu, mfumo usiolipiwa ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Huo hukubali kompyuta nyingi za zamani, ila katibu atahitaji muda wa kujifunza, na mtu mpole wa kuketi naye.

Je, tundu moja lisilozibwa lina hatari gani? Mwezi Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea duniani kwa siku chache, vikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Marekebisho ya kuziba tundu hilo yalikuwa yametolewa tangu Machi, miezi miwili kabla. Wengi waliopatwa walikuwa hawajayaweka.

Hapo ndipo swali la kamati linapobadilika. Ndani ya kompyuta ile mna majina ya watoto, namba za simu za wajane, na kumbukumbu za kila aliyetoa kidogo alichokuwa nacho. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatudai tuyatunze hayo, na upendo ulitudai kabla ya sheria. Kwa hiyo tusiulize tu kama tunapenda kipya au cha zamani. Tuulize ni nani ataumia tukiacha mambo yalivyo. Wazee walipolitazama hivyo, walipatana upesi: mafaili yote yanakiliwe kwanza na nakala zitunzwe mahali pawili, fundi aikague mashine aseme inaweza kubeba nini, na yule kijana wa kwaya, mwenye haraka ya mambo mapya, ndiye atakayeketi na katibu hadi azoee.

Lakini neno la yule mzee halijaniacha. Bado inawaka. Ni mambo mangapi maishani mwetu tunayoyasema hivyo?

Nyumba inaweza kuwa bado inawaka. Chakula kinapikwa, karo inalipwa, mume na mke wanaketi benchi moja kanisani. Ila kuombana msamaha kulikoma miaka mingi iliyopita, na kila kosa jipya linaingia mahali ambapo la jana halikuzibwa. Ndugu wawili, mmoja huku Kwanza na mwingine Bungoma, hukutana matangani, hupeana mkono na kuchanga sawasawa. Neno lililosemwa siku ya kugawa shamba la baba halijaguswa hata leo. Hakuna ugomvi wowote wa kuonekana. Kilichokoma ni marekebisho.

Petro alipouliza kama kusamehe mara saba kunatosha, Bwana alimpa hesabu ambayo hakuna mtu angeweza kuifuatilia. Alimwonyesha kwamba huduma hii haina tarehe ya mwisho. Je, ni uhusiano gani kwako unaowaka lakini hauhudumiwi tena? Ni nani ambaye kila unapomkumbuka unajiambia, baadaye?

Labda unaogopa kwamba ukianza kutengeneza utapoteza vyote. Hofu hiyo naielewa. Fundi mwangalifu haugusi mfumo kabla ya kuweka salama yale ya thamani, na Mungu anayetufanya upya ni mwangalifu kuliko fundi yeyote. Kusamehe hakufuti kumbukumbu zako, wala hakukudai useme kwamba hukuumizwa. Huenda hata ukahitaji mtu wa kuketi nawe, mchungaji au rafiki mwenye subira, mpaka uzoee. Si aibu.

Wiki hii usijiahidi kubadili maisha yote. Chagua mtu mmoja na kosa moja, kisha umpigie simu kabla ya Jumapili. Asipopokea, jaribu tena wiki ijayo. Akipokea, anza na salamu, umuulize hali ya watoto, halafu useme lile neno ulilokuwa ukiliahirisha.

Neema na amani ziwe nawe.